Sabufa Isiyoonekana, Gari Libaki Gari

Desemba moja nilipakia familia kwenye Toyota IST, safari ya Dar es Salaam kwenda Moshi. Buti lote lilikuwa limemezwa na boksi la sabufa ya inchi 12, kwa hiyo mabegi tuliyapakata. Tairi la akiba lilibaki nyumbani Tabata, kwa sababu fundi aliyenifungia muziki alilihitaji shimo lake kuwekea amplifaya. Tulipoipita Mombo tairi la nyuma likapasuka. Tulikaa kando ya barabara muda wa saa nne hivi, shangazi yangu mwenye presha akiwa juani, tukimsubiri kijana wa bodaboda arudi na tairi la kuazima. Siku ile nilielewa kwamba nilikuwa nimejipatia muziki na kupoteza gari.

Tangu hapo, kila ninapofunga muziki kwenye gari langu au la jamaa yangu, naanza na sharti moja: kazi ikiisha, gari liweze kufanya kila lililokuwa likifanya jana yake. Libebe mizigo, libebe tairi la akiba na jeki, viti visogee, milango ifunge. Sabufa iliyofichwa vizuri ndiyo inayotimiza sharti hilo, na tena inamnyima mwizi anayechungulia dirishani sababu ya kuvunja kioo. Lakini kuficha kuna deni lake. Kosa lililo mbele ya macho utaliona kesho asubuhi. Kosa lililo chini ya kapeti utaliona siku litakapoanza kutoa moshi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiamua kuficha, amua pia kufanya kazi safi kuliko ya yule anayeweka kila kitu wazi.

Kwa nini besi inakubali kufichwa

Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde. Besi ya Hz 40, ule mdundo wa chini unaousikia tumboni amapiano inapopigwa, ina wimbi lenye urefu wa mita 8 na nusu hivi. IST nzima haifiki mita 4. Wimbi likiwa refu kuliko gari, masikio hayawezi kubaini linatoka upande gani, na hali hiyo huanza takriban Hz 80 kushuka chini. Spika ndogo za sauti nyembamba ni kinyume: ukizifunika kwa kitambaa kizito tu, wimbo unapoteza uhai. Ndiyo maana za mlangoni huachwa wazi, na sabufa inaweza kukaa chini ya sakafu ya buti huku ukihisi besi inatoka mbele pamoja na mwimbaji.

Kuna zawadi nyingine. Chumba kidogo kilichofungwa, kama cha gari, huzipa besi za chini kabisa nguvu ya ziada. Spika ya inchi 10 ambayo ingeonekana dhaifu sebuleni inatosha kabisa garini. Kwa gari la kila siku huhitaji spika mbili za inchi 15.

Vitu viwili tu ndivyo vinavyosaliti maficho: sauti za juu zinazoachwa zipite kwenye sabufa, na mabati yanayotetemeka. Nitavirudia vyote viwili.

Kwanza nafasi, kisha spika

Wengi wetu tunaanza Kariakoo. Tunanunua spika iliyotuvutia, kisha tunamwambia fundi aitafutie mahali. Geuza mpangilio huo. Chukua futi kamba, fungua buti, inua kapeti, sogeza viti mbele na nyuma, uandike vipimo kwenye karatasi. Nafasi ndiyo itakayokuchagulia spika.

Nafasi ya kwanza ni chini ya kiti cha mbele. Hapa huingia sabufa bapa yenye amplifaya yake ndani, kwa kawaida ya inchi 8, yenye kimo cha sentimita 7 au 8. Haitikisi mtaa, ila inajaza pengo linaloachwa na spika za mlangoni, na inafungwa kwa nusu siku. Kabla ya kununua, pima kiti kikiwa kimeshushwa hadi mwisho na mtu mzito amekikalia. Tazama pia nyaya zenye plagi za njano chini ya kiti: hizo ni za mifuko ya hewa na za mikanda ya usalama. Usizichomoe, usizikate, usizibane. Na kama unapita barabara zinazofurika masika, kumbuka kwamba sakafu ndiyo ya kwanza kupata maji.

Nafasi ya pili, ninayoipenda kuliko zote, ni chini ya sakafu ya buti. Wengine huondoa tairi la akiba. Usifanye hivyo. Zipo sabufa zilizoumbwa kukaa ndani ya uwazi wa rimu ya tairi la akiba, zikishikwa na boliti ileile inayolishika tairi. Mazda CX-5 zilizotoka kiwandani na mfumo wa Bose zimepangwa hivyo. Njia nyingine ni kuinua sakafu ya buti kwa sentimita 15 hadi 18 na kutengeneza boksi bapa juu ya tairi. Sakafu mpya iwe na mfuniko wa bawaba, ili tairi litoke bila bisibisi. Jipe jaribio: ukiwa peke yako, usiku, ukimulika kwa tochi ya simu, je, unaweza kulitoa tairi kwa dakika tano?

Nafasi ya tatu ni ubavuni mwa buti, ule uwazi ulio nyuma ya tao la gurudumu. Umbo lake limepinda, kwa hiyo boksi la mbao halifai. Hapa ndipo fundi wa fibaglasi anapoonyesha ustadi. Anafunika bodi kwa tepu na plastiki, anatandaza tabaka za fibaglasi na rezini, anasubiri zikauke, kisha anautoa mfano wa uwazi ule kama ganda la yai. Ganda lifikie unene wa milimita 6 hivi, na uso unaobeba spika uwe wa mbao nene. Kazi hiyo ifanyiwe nje ya gari au penye upepo, kwa barakoa ya kuzuia mvuke wa kemikali na glavu, kwa sababu mvuke wa rezini unadhuru mapafu. Kupima ujazo wa umbo lililopinda ni rahisi kabla halijafungwa: jaza mahindi makavu, kisha yapime kwa jagi la lita moja ukiyatoa.

Wenye saluni kama Mark X au Crown wana jambo la ziada. Buti lao limetenganishwa na chumba cha abiria, kwa hiyo besi nyingi hubaki nyuma na mizigo. Tafuta njia ya sauti kupita: tundu la nyuma ya egemeo la mkono la kiti cha nyuma, au sehemu ya spika kwenye rafu ya chini ya kioo. Na wenye haibridi kama Aqua na Prius, angalieni matundu ya hewa yaliyo karibu na kiti cha nyuma. Yanapooza betri kubwa ya gari. Ukiyaziba kwa boksi au kapeti, betri itapata joto na kuharibika. Nyaya za rangi ya chungwa zina umeme mkubwa unaoweza kuua, mwache fundi wa haibridi pekee azishughulikie.

Boksi na spika

Kwa mfumo uliofichwa nashauri boksi lililozibwa pande zote, lisilo na tundu la hewa. Boksi lenye tundu hutoa kelele zaidi kwa wati zilezile, lakini linataka nafasi kubwa na hesabu kali. Lililozibwa ni dogo, besi yake ni safi, na linavumilia makosa madogo.

Hesabu yake ni ya darasa la tano. Zidisha urefu kwa upana kwa kimo, vyote vya ndani na kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000 upate lita. Boksi lenye ndani ya sentimita 60 kwa 30 kwa 13 lina lita 23.4. Toa lita 2 hivi zinazochukuliwa na sumaku na koni, zinabaki lita 21. Sabufa bapa nyingi za inchi 10 hutaka lita 14 hadi 22. Jibu la uhakika liko kwenye karatasi ya mtengenezaji: usinunue spika isiyo na karatasi hiyo. Angalia pia kina cha spika. Sabufa ya kawaida huingia ndani sentimita 13 hadi 16, iliyo bapa sentimita 7 hadi 9. Acha angalau sentimita 2 nyuma ya sumaku ipate kupumua.

Tumia ubao wa MDF au plaiwudi ya milimita 18, gundi ya mbao na skrubu kila sentimita 10, kisha ziba pembe zote za ndani kwa silikoni na uiache ikauke kabisa kabla ya kuweka spika. Kwa sisi wa pwani, MDF ipakwe vanishi nje na ndani. Unyevu huivimbisha. Kabla ya yote, mwaga maji juu ya taa za nyuma na pembeni mwa mlango wa buti uone kama yanaingia. Gari linalovuja litibiwe kwanza.

Boksi lishikwe na boliti kwenye chuma cha gari. Lenye uzito wa kilo 20, gari likigonga kwa kasi, linaruka na kuwapiga waliokaa nyuma. Na kabla ya kutoboa bati lolote, ingia chini ya gari utazame: mabomba ya petroli, mabomba ya breki na tangi viko hukohuko unakotaka kupitisha keekee.

Juu ya koni acha nafasi ya sentimita 4, maana inapanda na kushuka. Weka wavu wa chuma unaoweza kubeba begi, kisha kitambaa chepesi kinachopitisha hewa.

Umeme: hapa usiharakishe

Kwenye maboksi ya dukani utasoma wati 2,000, wati 3,000. Ziache. Tafuta neno RMS, ndiyo nguvu ambayo kifaa kinaimudu mfululizo. Wati 300 za RMS zinatosha gari dogo, na 500 zinatosha na kubaki.

Tuchukue hizo 500. Amplifaya ya daraja D hupoteza kama sehemu moja kati ya tano ya umeme ikawa joto, kwa hiyo itadai wati 625. Gawanya kwa volti 13.8 za gari linalonguruma, unapata ampea 45. Alternata za magari madogo kwa kawaida hutoa ampea 60 hadi 100, na humo humo kuna kiyoyozi, taa na feni. Muziki haudai kiwango cha juu kila sekunde, ndiyo maana mambo yanakwenda. Lakini sasa unaona kwa nini gari dogo lenye wati 2,000 za kweli huzimika kwenye taa za barabarani.

Kwa ampea 45 nunua waya wa geji 4 wa shaba tupu. Namba ikiwa ndogo, waya ni mnene. Sokoni kumejaa nyaya za alumini zilizopakwa shaba, zenye ganda nene la kupendeza na uzi mwembamba ndani. Mwombe muuzaji akuchunie ncha, kisha ukwangue uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini. Inapitisha umeme kidogo kuliko shaba, na kwenye maungio huoza upesi.

Kazi ianze kwa kufungua kichwa cha hasi cha betri. Kisha fyuzi kuu. Iwekwe umbali usiozidi sentimita 45 kutoka kwenye kichwa cha chanya, mahali unapoweza kuifikia kwa mkono ukifungua boneti. Kwa mfano wetu, ampea 60. Watu wengi hudhani fyuzi hiyo inalinda amplifaya. Inalinda waya, na kwa hiyo inakulinda wewe. Waya unaotoka kwenye betri hadi buti unapita chini ya miguu ya abiria. Ukichubuka na kugusa bodi, betri itasukuma mamia ya ampea, waya utakuwa mwekundu kama kaa la mkaa, na kapeti litashika moto. Fyuzi iliyo nyuma karibu na amplifaya haizuii hilo hata kidogo. Fyuzi kuu ndiyo kitu kimoja ambacho hakifichwi kamwe.

Panapotobolewa bati kati ya injini na chumba cha abiria, waya upite ndani ya raba, usisuguane na chuma kitupu. Uvishe bomba la plastiki, uufunge kila nusu mita mbali na pedali. Waya wa umeme upite upande mmoja wa gari na nyaya za sauti upande wa pili. Zikilala pamoja, utasikia mluzi unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta.

Ethi iwe fupi, isizidi nusu mita, na unene wake uwe sawa na wa chanya. Kwangua rangi hadi chuma king'ae, kaza kwa boliti na lagi, kisha paka grisi juu ili kutu isiingie. Usiazime boliti ya mkanda wa usalama: hiyo imewekwa kushika uhai wa mtu. Matatizo mengi ya amplifaya inayozimika zimika huishia kwenye ethi iliyofungwa juu ya rangi.

Amplifaya nayo inahitaji hewa. Gari likiachwa juani Dar, ndani hupita nyuzi 50. Acha sentimita 5 kuizunguka, usiizungushie sponji, na usiilaze kifudifudi.

Kurekebisha sauti

Fundi mwenye haraka huweka wimbo, anazungusha vitufe mpaka kioo kitetemeke, anasema tayari. Mwombe subira.

Zima vikuza besi vyote kwenye redio na kwenye amplifaya. Kitufe cha LPF, kinachoruhusu sauti za chini tu zipite, kiweke Hz 80, na kama redio yako inaweza, zizuie spika za mlangoni zisipokee chini ya Hz 80. Hapo kila spika inafanya kazi yake, na sabufa haipati sauti ya mwimbaji inayoweza kuifichua.

Geini si kitufe cha kuongezea sauti. Ni ya kulinganisha redio na amplifaya. Chomoa spika, cheza mlio wa majaribio wa Hz 50, pandisha redio hadi robo tatu, na uweke mita ya umeme ya AC kwenye matundu ya kutolea sauti. Volti unazozitafuta ni kipeuo cha pili cha wati zidisha omu, yaani ukinzani wa spika. Kwa wati 300 kwenye omu 2, wati mara omu ni 600, kipeuo chake ni 24.5. Ongeza geini taratibu hadi mita isome hapo, kisha simama. Kumbuka kwamba koili mbili za sabufa zenye omu 4 zikiunganishwa sambamba huwa omu 2, na zikiunganishwa mfululizo huwa omu 8. Soma amplifaya yako inavumilia ngapi.

Halafu rudisha spika, badilisha chanya na hasi za sabufa, keti kwenye kiti cha dereva, usikilize. Mpangilio mmoja utakuwa na besi iliyojaa zaidi. Bakiza huo.

Mwisho, cheza mlio unaopanda polepole kutoka Hz 30 hadi 100, huku mwenzako akigusa bati moja baada ya jingine. Kibao cha namba, mfuniko wa buti na rafu ya nyuma ndivyo vya kwanza kulalamika. Sponji nyembamba nyuma ya kibao na vipande vya karatasi nzito ya butili kwenye bati vinatosha. Huhitaji kufunika gari zima.

Kuhusu masikio, kipimo kinachotumiwa kuwalinda wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda hupungua nusu. Desibeli 100 ni dakika 15 tu. Besi huficha ukali wake kwa sababu haiumi. Na betri yenye ampea-saa 35, ukipiga muziki injini ikiwa imezimwa na amplifaya ikila wastani wa ampea 10, itapoteza nusu ya nguvu zake kabla saa mbili hazijaisha.

Kabla hujalipa

Siku ya kuchukua gari usianze na wimbo. Mwambie fundi, kwa heshima: "Kaka, nionyeshe fyuzi kuu iko wapi." Aiweke mkononi mwako. Mwombe akuonyeshe ethi, rangi ikiwa imekwanguliwa. Toa tairi la akiba mwenyewe na ulirudishe. Sukuma kiti hadi mwisho. Washa gari uone taa ya mfuko wa hewa inazimika kama zamani. Piga picha za njia ya waya kabla kapeti halijarudishwa, na uzihifadhi, kwa sababu fundi wa breki wa mwakani atazihitaji. Iarifu pia kampuni ya bima kwamba gari limeongezewa vifaa, usije ukakataliwa dai lako.

Kisha fanya safari ya nusu saa kwa sauti ya kati, simama, fungua boneti, ushike kishika fyuzi na waya wenyewe. Vikiwa vya kawaida, kazi imekamilika. Vikiwa vya moto, gari lisiondoke gereji. Fundi mzuri hatakasirikia ukaguzi huo, atasimama pembeni yako na kukumulikia taa. Mlipe huyo bila kupunguza shilingi hata moja, na mpelekee rafiki zako.